Kitabu cha Daktari Thrall: Uso wa Mtu Aliyenyongwa

Tulipoishia wiki iliyopita, kitabu kilikuwa bado kimefungwa mkononi mwa Gad Bascom. Mkewe, Submit, alikuwa kitandani kando ya jiko, midomo imemkauka, tumbo likiwa limemwaga kila kilichokuwemo tangu juzi. Gad alikuwa ameziba mlango kwa mabega yake ya mkulima, akiapa kwamba Daktari hatoki mpaka ajibu swali moja: kwa nini dawa ya Daktari Thrall, iliyoandikwa kwenye kitabu cha Daktari Thrall, ilikaribia kumuua mkewe?

Sasa kitabu kilifunguliwa.

"Soma," Gad alisema. "Soma ulichoandika. Kwa sauti."

Daktari Lemuel Thrall alivaa miwani yake. Hakuwa mtu wa kuharakishwa. Kwanza alikuwa amepima mapigo ya mgonjwa, akamnywesha maji ya shayiri yenye chumvi kijiko kwa kijiko, akangoja aone kama yatakaa. Yalikaa. Mwanamke angeishi. Sasa Daktari alikuwa na nafasi ya kukasirika.

Ukurasa wa arobaini na moja: unga wa mzizi wa jalapa, kwa mtu mzima aliyefunga choo. Maneno yalikuwa yake yote, mpaka mikato yake. Alifika kwenye kipimo, akanyamaza.

"Mbona kimya?"

"Ulimpa kiasi gani?"

"Kilichoandikwa! Nilipima kwa mizani ya Mama. Sikuzidisha hata punje."

"Hapo ndipo penye balaa," Daktari alisema.

Waganga wa Connecticut walipima unga wa dawa kwa alama mbili. Moja ilimaanisha kipimo kidogo, ya pili kipimo kikubwa, na kikubwa kilikuwa mara tatu ya kidogo. Daktari alikuwa ameandika alama ya kidogo. Hapa ilikaa alama ya kikubwa. Alifunua ukurasa mwingine, na mwingine. Dawa ya minyoo, dawa ya homa, dawa ya kutapisha watoto. Kila palipotakiwa alama ndogo, palikuwa na kubwa. Kitabu kizima.

"Hiki si kitabu changu," alisema.

Gad alicheka kicheko kibaya. "Jina la nani hili hapa mbele?"

"Langu."

"Na Ashbury hii ina akina Lemuel Thrall wangapi?"

"Mmoja."

"Basi?"

Daktari alikiinua kitabu kwa vidole viwili. Karatasi ilikuwa ya kijivu, imejaa nyuzi za matambara iliyotengenezwa nayo, ambayo hayakusagika vizuri. Katika ukurasa mmoja palijitokeza uzi mwekundu wa sketi ya mtu asiyemjua. Wino ulitoka vidoleni. Alikuwa ametumia miaka kumi na moja kuandika kitabu kile, na kukiona hivi kulimtia kinyaa kama mtu aliyekuta mswaki wake kinywani mwa mwenzake.

"Ulikinunua wapi?"

"Kwa mchuuzi mwenye gari la farasi. Nusu ya bei ya kile chako cha mwanzo. Nikasema, afadhali, Daktari ameanza kuwafikiria maskini."

"Hakuna mahali paliposema kimechapwa na nani."

"Achana na aliyechapa. Mwandishi ni wewe! Hata sura yako ipo." Gad alirudi kwenye karatasi ya mwanzo na kuigonga kwa kidole. "Au na hii utaikana?"

Daktari aliitazama picha. Ilikuwa ya mtu mwenye shingo nene, nyusi zilizoungana, na nywele zinazogusa mabega. Daktari Thrall alikuwa na shingo ya kuku na kipara alichokifunika kwa wigi la kijivu.

"Ninafanana na huyu?"

"Picha za vitabuni hazifanani na mtu. Hata mchungaji wetu kwenye kitabu chake cha mahubiri wamemchora ana meno."

"Hebu leteni na mimi nione," ilisema sauti kutoka upande wa jiko.

Alikuwa Bibi Huldah, mama yake Gad, aliyekuwa akikoroga uji wa mahindi na kujifanya hasikii. Alifuta mkono kwenye aproni, akakileta kitabu karibu na pua.

"Huyu namjua," alisema. "Huyu ni Moses Crain."

"Moses Crain yupi, Mama?"

"Kuna wangapi? Yule jambazi wa barabarani. Nilikwenda kumwona akinyongwa. Nilibeba jibini na mayai, tukakaa na dada yangu mpaka mchana."

"Mama, Moses Crain alikufa miaka minne iliyopita."

"Najua kafa. Si nimekwambia nilikuwepo?"

Akaliendea sanduku lake la nguo, akainua kifuniko. Kwa ndani palikuwa pamebandikwa karatasi moja kubwa, ya aina ile inayouzwa chini ya mti wa kunyongea: maneno ya mwisho ya Moses Crain, toba yake, na beti kumi na nne alizodaiwa kuzitunga gerezani, ingawa kila mtu alijua Crain hakujua kusoma. Juu ya beti hizo palikuwa na picha.

Shingo nene. Nyusi zilizoungana.

Daktari alipiga magoti mbele ya sanduku, akaweka kitabu kando ya karatasi. Hakuamini macho yake peke yake. Aliomba uzi, akapima kutoka sikio hadi sikio, kutoka paji hadi kidevu. Vipimo vililingana. Kisha akaona jambo lililomaliza ubishi. Kwenye picha ya Crain, mstari mweupe mwembamba kama unywele ulishuka kutoka jicho la kushoto hadi kidevuni. Kwenye kitabu mstari ulikuwa palepale, ila umepanuka.

"Ni ufa," alisema. "Picha hii imechongwa kwenye kibao cha mti. Kibao kimepasuka, na katika miaka minne mti umezidi kukauka. Ni kibao kimoja."

"Kwa hiyo?" Gad aliuliza, ingawa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa hiyo aliyechapa karatasi hii ndiye aliyechapa kitabu hiki. Na karatasi hii ameitia jina lake. Soma pale chini."

Gad aliinama. Alisoma polepole, midomo ikicheza. "Imechapwa… na Eliphalet Goss… Ashbury."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ingawa haikuwa chafu.

Wasomaji wanaotufuata tangu mwanzo wanamkumbuka Eliphalet Goss. Ndiye mpiga chapa aliyetoa kitabu cha kwanza, kile halali. Ndiye aliyekaa mezani kwa Daktari Siku ya Shukrani, akala bata mzinga mpaka akalegeza mkanda. Na ndiye aliyetikisa kichwa mwezi uliopita, ziliposikika habari kwamba kuna nakala za wizi, akasema, "Hao ni watu wa Philadelphia, Daktari. Huku kwetu hakuna wezi wa namna hiyo."

"Daktari," Gad alisema, "nilikuwa nimeazimia kukukaba koo."

"Niliona."

"Bado nataka kumkaba mtu."

"Subiri kidogo. Naihitaji karatasi hiyo kwanza."

"Haibanduki," Bibi Huldah alisema. "Niliigandisha kwa gundi ya kwato za ng'ombe. Ukiivuta itachanika, na ukiichana nitakuchana na wewe."

Wakatazamana. Gad akaenda kuchukua bisibisi.

Robo saa baadaye wanaume wawili walikuwa wakishuka barabara kuu ya Ashbury katika tope la mwezi wa Machi, mmoja ana kitabu kwapani, mwingine kabeba kifuniko cha sanduku begani.

"Gad!" mhunzi alipaza sauti kutoka kibandani kwake. "Nani kafa?"

"Bado," Gad alijibu.

Duka la Goss lilinuka kabla hujaufikia mlango. Mipira ya ngozi ya kupakia wino ililowekwa kwenye ndoo ya mkojo isije ikakakamaa. Kila mpiga chapa nchini alifanya hivyo, na Daktari hakuwahi kuijali harufu ile. Leo alitoa leso.

Goss aliwapokea kwa mikono miwili, mikono ya shati imekunjwa, uso mwekundu wa furaha. "Daktari! Na Bwana Bascom! Karibuni, karibuni. Msiguse kitu, wino haujakauka."

Juu ya dari mtoto alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kinachobweka kama mbwa mdogo.

"Nani huyo?" Daktari aliuliza.

"Keziah wangu. Mafua tu."

"Hayo si mafua. Nimwangalie?"

"Baadaye, baadaye." Goss alisogea, akasimama kati yake na ngazi. "Mama yake anajua kazi yake. Niambieni, kuna nini?"

Daktari alitazama ngazi, akamtazama aliyeiziba. Akajiuliza ni karatasi ngapi zilikuwa zimeanikwa kule juu zikikauka. Kisha akaweka kitabu mezani.

"Mungu wangu," Goss alisema. Akakifungua, akafunua kurasa mbili tatu, akatikisa kichwa. "Wamefanya tena. Na karatasi gani hii! Watu hawana haya, Daktari. Hawana haya kabisa."

Alikitikisa kichwa vizuri sana. Daktari alikitazama kichwa kile kikienda kushoto na kulia.

"Gad," alisema, "muoneshe."

Gad alishusha kifuniko cha sanduku, akakisimamisha mezani. Moses Crain akamtazama Goss. Goss akamtazama Moses Crain. Juu, mtoto alibweka mara tatu.

"Kibao hicho," Goss alisema, "niliibiwa."

"Lini?"

"Mwaka jana. Wakati wa kiangazi."

Daktari hakubishana. Alikwenda kwenye rafu ambako Goss aliweka vibao vya picha zake: meli, jeneza, jogoo, farasi anayekimbia kwa matangazo ya farasi waliopotea. Nyuma ya farasi alikuwepo Moses Crain, amegeuzwa uso ukutani. Daktari alipitisha kidole gumba juu ya shavu la mti, akamwonesha Goss kidole. Kilikuwa cheusi kwa wino mbichi.

"Wezi wako wanarudisha vitu," Gad alisema. "Tena wanavipaka wino."

Msomaji angetarajia mtu wa namna hii aombe msamaha. Goss alivuta kiti, akakaa.

"Sawa," alisema. "Kibao ni changu. Lakini hakuna aliyeniona nikichapa kitabu. Na hata mtu angekichapa, sisemi nani, angekuwa na kosa gani?"

"Niliandikisha kitabu changu kwa karani wa mahakama kule Hartford," Daktari alisema. "Nina hati. Kwa miaka kumi na minne ni mimi tu wa kuruhusu kichapwe. Sheria iko wazi."

"Sheria iko wazi, ndiyo. Na baada ya kuandikisha, inataka nini?"

"Tangazo gazetini. Wiki nne."

"Gazeti lipi?"

"Lako."

"Langu." Goss alitabasamu kidogo. Alinyoosha mkono kwenye rafu, akashusha rundo la magazeti yaliyofungwa kwa kamba. "Hesabu, Daktari. Wewe ni mtu wa kuhesabu."

Daktari alihesabu. Wiki ya kwanza: tangazo lake lilikuwepo. Wiki ya pili: lilikuwepo. Ya tatu: lilikuwepo. Gazeti la wiki ya nne lilikuwa nusu ya ukubwa wa mengine.

"Wiki ile matambara yaliadimika," Goss alisema. "Kinu hakikuwa na cha kusaga, nikapewa karatasi kidogo, nikatoa nusu gazeti. Ikabidi nipunguze hapa na pale."

Daktari alisoma nusu gazeti lile mstari kwa mstari, mbele na nyuma.

"Ulipata nafasi ya ng'ombe aliyepotea."

"Ng'ombe alikuwa na mwenyewe anayemtafuta."

"Ungelitia tangazo langu wiki iliyofuata."

"Hukuniomba. Sheria imekupa miezi miwili ya kutangaza, na miezi hiyo imekwisha zamani. Wiki tatu si nne. Kwa hiyo kitabu chako, rafiki yangu, hakina mwenyewe. Ni kama maji ya mto, kila mwenye ndoo anateka. Nenda Hartford kamuulize jaji."

Gad hakuelewa mambo ya wiki na miezi, lakini alielewa uso wa Daktari. "Ni kweli anavyosema?"

"Pengine," Daktari alisema. Mtu aliyehesabu kila kidonge kabla hakijatoka mkononi mwake hakuhesabu magazeti manne. Aliamini kwa sababu anamjua mchapaji. Kosa lile lilimkera karibu kama wizi wenyewe.

"Basi tuache haki yangu," alisema. "Tuzungumze vipimo. Hukuwa na alama ya kipimo kidogo."

"Alama gani?"

"Unaijua. Nilizinunua Philadelphia kwa ajili ya kitabu cha kwanza, herufi arobaini za kuchapia, za madini ya risasi. Kazi ilipokwisha nilizichukua, nikazifungia kwenye droo yangu, kwa sababu nilidhani utazipoteza. Ulipotaka kuchapa tena hukuthubutu kuniomba. Ukaweka ile kubwa."

Goss aliinua mabega. "Alama ni alama. Zinafanana. Nani huzisoma?"

"Mimi nilizisoma," Gad alisema. "Mke wangu hawezi kusimama."

Goss alimtazama Gad, kisha kitabu, kisha mikono yake mwenyewe.

"Mara tatu, Goss," Daktari alisema. "Kila dawa ya unga iliyomo humo imezidi mara tatu. Mtu mzima mwenye nguvu ataponea chupuchupu. Mtoto hataponea. Chukua kitabu. Kiuze, jenga nyumba kwa faida yake, sitakwenda Hartford. Nataka kitu kimoja tu. Tangaza kosa hilo kwenye gazeti la kesho, ukurasa wa mbele, na umtume mtu amfuate mchuuzi yule kabla hajavuka mto."

Lilikuwa jambo dogo. Hata Gad, aliyekuja kukaba koo, aliliona ni dogo.

Goss alifikiri. Unaweza kumwona mtu akifikiri, na Daktari alimwona: macho yalikwenda kwa Gad, yakarudi kwenye kibao cha Moses Crain, yakashuka sakafuni.

"Siwezi," alisema. "Nikitangaza kosa nitakuwa nimekiri kitabu ni changu. Bwana Bascom huyu hapa anasikia. Kesho kutwa nitakuwa mbele ya jaji, na wa pili atakuja, na wa tatu. Nina familia, Daktari."

"Wao hawana?"

"Mimi sikuchapa kitabu hicho."

Daktari Thrall alikuwa amepasua majipu kwa miaka ishirini na sita, na amewahi kukata mguu uliooza ghalani wakati wa vita. Hakuwahi kugeuza uso. Sasa aligeuza. Alichukua kofia yake.

Mlango wa juu ya ngazi ukafunguka.

"Eli, ni nani huko chi… Daktari!" Alikuwa Thankful Goss, mke wa mpiga chapa, nywele zimemtoka kwenye kofia, kijiko mkononi. "Mungu ndiye kakuleta. Nimemwambia huyu tangu alfajiri akuite, yeye anasema kesho, kesho. Keziah anabweka, hapati pumzi. Nimempa dawa ya kutapisha, ile ya kwako. Nimepima vilevile ulivyoandika. Sasa nauliza, cha pili nimpe au ningoje?"

"Nilivyoandika wapi?" Daktari tayari alikuwa na mguu kwenye ngazi. "Thankful, ulisoma kitabu kipi?"

"Si kitabu. Karatasi. Zile zilizoharibika anazonipandishia Eli nifungie siagi. Nikakuta moja ina kikohozi cha watoto, nikasema, bahati iliyoje."

Daktari aligeuka. Vitabu viwili vilikuwa vimechapwa chumbani mle, na karatasi mbovu za vyote viwili zilipanda kwenda kufungia siagi. Mtu mmoja tu alijua zilizokuwa jikoni wiki hii zilitoka kwenye kazi ipi.

"Goss," alisema. "Karatasi ile ni ya kitabu kipi?"

Goss alisimama. Rangi ya furaha ilikuwa imemtoka usoni, kijivu kikaingia. Alifungua mdomo, akamtazama Gad Bascom aliyeegemea kifuniko cha sanduku la mama yake. Akaufunga.

"Kipi, Goss?"

"Eli?" mkewe aliita. "Eli, anakuuliza nini?"

"Changu," Goss alisema. Halafu akapiga kelele, kana kwamba Daktari yuko ng'ambo ya mto. "Ni cha kwangu! Za kwako zilikwisha zamani. Nilikichapa mimi, nakala mia sita, mimi peke yangu! Panda, Daktari, panda!"

Gad alisikia kila neno. Daktari alikuwa ngazi ya nne aliposimama ghafla, akainua mkono wanyamaze wote.

Wino ulidondoka kutoka kwenye mpira mmoja, ukaingia ndooni.

Juu, kikohozi kilikuwa kimekoma.